Mbao Hizi Zina Karatasi?

*Tafakari ya Sikukuu ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, 1 Mei*
*Soma kwanza: Yeremia 22:13–17, Habakuki 2:9–12, Luka 19:1–10*



Kijana mwenzangu, kila mwaka ikifika tarehe 1 Mei huwa tunamzungumzia Mtakatifu Yosefu: mnyamavu, mchapakazi, mlinzi wa familia. Papa Pio XII aliiweka sikukuu hii mwaka 1955 ili siku ya wafanyakazi duniani ipate msimamizi aliyeshika randa na msumeno. Mwaka huu nimeshindwa kuandika kuhusu Yosefu kabla sijaandika kuhusu mabenchi. Nina kesi na mabenchi kumi, na nimeona ni heri niiseme hapa, maana najua siko peke yangu.

Kesi yenyewe

Kigango chetu kiko huku Ubungo. Watu wameongezeka, Jumapili vijana tunasimama nje hadi Misa inaisha. Basi sisi VIWAWA tukasema tutanunua mabenchi kumi. Tukachangishana, tukauza maandazi baada ya Misa, tukapita kwenye jumuiya ndogondogo. Mimi nilikuwa mhazini.

Tukaenda kwa fundi mmoja mwenye karakana kando ya barabara. Akatupa bei mbili. "Mkitaka mbao zenye karatasi, benchi moja 180,000. Mkitaka zile zinazoingia usiku, 135,000. Mbao ni hiyohiyo, mninga na mkongo, macho yako hayataona tofauti."

Nikapiga hesabu pale pale. Tofauti 45,000 kwa benchi moja, mabenchi kumi ni 450,000. Kwa kikundi chetu hiyo si hela ndogo. Nikamwambia, "Tupe za usiku. Ni kazi ya Mungu, fundi."

Ndiyo, nilisema hivyo. Ni kazi ya Mungu.

Mabenchi yakaja, mazuri kwa kweli. Yakabarikiwa, tukapigiwa makofi, nikasimama mbele kusoma mapato na matumizi. Pale kwenye karatasi niliandika "mbao na ufundi", nikaweka jumla. Hakuna aliyeuliza, na mimi sikueleza.

Babu wa Kilwa

Miezi michache baadaye mguu wa benchi moja ukalegea. Nikaupeleka kwa fundi mwingine, mzee Mwislamu aliyetoka Kilwa miaka mingi iliyopita, anayefanya kazi zake taratibu chini ya mwembe.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Lete nione." Akaugeuza ule mguu, akaunusa, akaugonga kwa kucha. "Mbao nzuri hii. Karatasi zake mnazo?"

Nikacheka kidogo, nikasema, "Babu, sisi tulinunua tu."

Akanitazama. "Mbao isiyo na karatasi ina mwenyewe, mjukuu wangu. Ila mwenyewe hajui kama imeuzwa."

Ndipo akaanza kunisimulia habari ya kwao, na mambo mengine nikaja kuyasoma mwenyewe baadaye. Naomba nikusimulie na wewe, kwa sababu somo la leo limejificha humo.

Daraja la Mkapa kwenye mto Rufiji lilifunguliwa mwaka 2003. Kabla ya hapo, kutoka Lindi hadi Dar ilikuwa safari ya kuvuka kwa kivuko na kukesha njiani. Daraja lilipokamilika, barabara ya kusini ikafunguka, na mbao nazo zikaanza kumiminika kuja huku mjini na bandarini. Mwaka 2007 shirika la TRAFFIC likatoa ripoti kuhusu biashara ile. Ilionesha kwamba hadi asilimia 96 ya ushuru wa mbao uliopaswa kukusanywa ulikuwa unapotea. Hebu fikiria: katika kila shilingi 100, hadi shilingi 96 hazionekani. Hizo ni dawa za zahanati, ni madawati, ni visima.

Na mwanakijiji je? Chukua mpingo, mti wetu wa taifa, ule mweusi mzito ambao ukiutupa majini unazama. Wachongaji wa Mwenge wanaufahamu vizuri. Huko Ulaya na Marekani wanautengenezea klarineti na obo, vyombo vya kupuliza vya bei kubwa. Mti huo unahitaji miaka 70 na zaidi hadi ufae kuvunwa. Aliyeupanda ni Mungu, na aliyeutunza ni babu wa babu wa mtu fulani. Lakini kabla mambo hayajabadilika, ilielezwa kwamba kijiji kilikuwa kinaambulia kama senti 8 za Marekani kwa gogo moja. Soda hununui.

Kilichobadilika

Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inakiruhusu kijiji kutenga msitu wake wa asili, kuusimamia na kuuza miti yake chenyewe. Huko Kilwa likawepo shirika la kusaidia vijiji kufanya hivyo, MCDI, ambalo jina lake limetokana na mpingo. Kijiji kinachagua Kamati ya Maliasili, vijana kwa wazee, wanawake kwa wanaume. Wanapima mipaka. Wanahesabu miti, wanapanga mingapi ikatwe kwa mwaka na mingapi iachwe ikue. Gogo linagongwa nyundo yenye alama, linaandikwa kitabuni, na kisiki chake kinabaki na kumbukumbu. Mtu akitaka kujua gogo hili lilitoka wapi, anaweza kupelekwa hadi kwenye kisiki.

Mwaka 2009 vijiji vya Kikole na Kisangi vikaingia kwenye cheti cha FSC kupitia MCDI. FSC ni Baraza la Usimamizi wa Misitu, lililoanzishwa mwaka 1993. Huenda umeshaiona alama yake bila kujua: kamti kadogo kenye tiki pembeni. Hicho kilikuwa cheti cha kwanza barani Afrika kwa misitu ya asili inayosimamiwa na wanavijiji wenyewe. Si kampuni kubwa wala mashamba ya mzungu, ni kijiji. Wakati kile cheti kinatolewa ilielezwa kuwa gogo lile la senti 8 sasa lingeweza kukipatia kijiji dola 19 hivi. Baadaye vijiji vingine vya Kilwa vikajiunga, na fedha za miti zikaanza kwenda kwenye madarasa na maji.

Cheti hiki si karatasi ya kutundika ukutani tu. Wakaguzi wa nje wanakuja kila mwaka, na baada ya miaka mitano kinaanza upya. Wanakagua msitu, wanakagua vitabu, wanauliza kama wafanyakazi wamelipwa, kama vyanzo vya maji vimeguswa, kama wanakijiji walikubali kweli au walikubalishwa.

Halafu kuna jambo lililonigusa zaidi. Alama ile ina mnyororo. Kuwa na msitu wenye cheti hakutoshi. Anayenunua gogo na anayepasua mbao lazima wawe na cheti chao, na kila anayechukua umiliki wa mzigo hadi kwenye kiwanda cha mwisho vilevile. Pete moja ikikosekana, alama haiwekwi tena, hata kama mti ulikatwa kwa haki kabisa. Uaminifu wa watu wote waliotangulia unaishia mikononi mwa yule mmoja aliyesema, "Tupe za usiku."

Aisee. Nilipofika hapo nikaacha kusoma.

Manabii walishaona

Sasa fungua Yeremia 22. Mfalme Yehoyakimu anajijengea jumba. Ghorofa pana, madirisha makubwa, kuta za mwerezi, rangi nyekundu ya kuvutia. Nabii anamtangazia ole, na sababu haiko kwenye ukubwa wa jumba. Amejenga kwa dhuluma, amewatumikisha jirani zake bila kuwalipa. Kisha Yeremia anamkumbusha habari za baba yake, Yosia. Naye alikula, alikunywa, hakuwa na shida, lakini aliwatetea maskini na wahitaji. Na nabii anasema kwamba huko ndiko kumjua Mungu.

Tusipite haraka hapo. Yeremia hajasema kumtetea maskini ni tunda la kumjua Mungu, wala ni hatua ya baadaye ukishaiva kiroho. Anasema ndiko kumjua kwenyewe. Ina maana ninaweza kuimba kwaya miaka kumi, nikawa mhazini wa VIWAWA, nikakaa kwenye benchi la mninga mbele kabisa karibu na altare, na bado simjui.

Habakuki naye anazungumza na mtu anayejitafutia faida ya dhuluma kwa ajili ya nyumba yake. Anamwonya kwamba nyumba yenyewe itamshtaki: jiwe litalia kutoka ukutani, na boriti itaitikia kutoka kwenye paa. Zamani niliona ni lugha ya picha tu. Siku hizi nikikaa kwenye benchi letu wakati wa matangazo, sina hakika sana.

Papa Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, alitukumbusha fundisho ambalo Papa Benedikto XVI alikuwa ameshalitoa: kununua kitu si suala la hela peke yake, ni tendo la kimaadili. Ukitoa hela unasema ndiyo. Unasema ndiyo kwa bei, na unasema ndiyo kwa njia nzima ambayo kile kitu kimepita hadi kukufikia. Mimi nilisema ndiyo kwa lori la usiku.

Swali la padri

Nikaenda kuungama. Nilianza kwa kujitetea: "Padri, sikujua zile mbao zimetoka wapi."

Akanyamaza kidogo. Akaniuliza, "Ulikuwa hujui, au ulikuwa hutaki kujua?"

Jamani, swali hili lilinivua nguo. Kwa sababu fundi alinipa bei mbili mchana kweupe, na zile 45,000 zilikuwa ndiyo jibu la swali ambalo sikuuliza. Kwani mbao zinazoingia usiku zinaogopa jua?

Kuna ujinga usio na hatia. Bibi yako kijijini anayenunua kiberiti dukani hana namna ya kujua mti wake ulikatwa wapi, na Mungu hatamdai. Lakini kuna ujinga tunaoununua wenyewe kwa sababu una bei nafuu. Simu ya 80,000 isiyo na boksi wala risiti. Kiwanja cha bei chee ambacho muuzaji hataki mwende serikali ya mtaa. Mkaa, mbao, nguo, kazi ya dada wa nyumbani anayelipwa "akirudi kwao". Tunajifunika na neno "sikujua" kama blanketi, kumbe miguu iko nje.

Padri akaniondolea dhambi, lakini hakuniambia yameisha. Akanipeleka kwa Zakayo. Zakayo alipompokea Yesu nyumbani hakusema tu "nisamehe, Bwana". Alisimama akataja hesabu: nusu kwa maskini, na aliyedhulumiwa atarudishiwa mara nne. Toba yake ilikuwa na tarakimu.

Kikao kigumu

Nikawaeleza wenzangu. Sitakudanganya kwamba walinishangilia. Mmoja alisema, "Unatuaibisha bure, nani alikuwa anajua?" Mwingine akasema nimejifanya mtakatifu baada ya mabenchi kukaliwa. Rafiki yangu mmoja wa karibu hadi leo tukikutana ni salamu tu. Inauma, lakini naelewa. Nami nilipaswa kuyasema siku ya bei mbili, si baada ya makofi.

Mwingine akapendekeza tupande miti 50 na kupiga picha. Paroko akatabasamu, akasema, "Pandeni, ni vizuri. Ila kupanda si kurudisha." Akatueleza fundisho la kawaida la Kanisa: uliyemdhulumu akijulikana, mrudishie yeye, asipojulikana, wape maskini, maana faida ya dhuluma si halali kubaki mfukoni mwako. Sisi hatujui mti wetu ulikatwa kijiji gani. Kwa hiyo tukakubaliana kuikusanya ile 450,000 tuliyo"okoa" na kuipeleka kwa wahitaji kupitia Caritas ya parokia. Mpaka naandika hapa tumefikisha 310,000. Maandazi yanaendelea.

Mabenchi je? Yapo. Kuyachoma moto kungekuwa kuupoteza mti mara ya pili. Tunayakalia.

Na juzi tulipohitaji kabati la sakristia, nikaenda tena kwa mafundi. Safari hii nikauliza la babu: "Mbao hizi zina karatasi?" Wa kwanza akacheka, "Wewe ni wa serikali?" Wa pili akasema nikauliye mbele. Wa tatu akaingia ndani, akatoka na risiti pamoja na nakala ya hati ya usafirishaji, akanionesha na alama ya nyundo kwenye ubao. Kabati limekuwa dogo kuliko tulivyotaka. Limetosha.

Ukweli mdogo kuhusu alama

Nisikupambie. Huku kwetu Ubungo si rahisi kukuta benchi lenye alama ya FSC, kwa sababu ya ule mnyororo: fundi wa chini ya mwembe hana uwezo wa kugharamia cheti chake. Lakini hati ya usafirishaji na risiti halali anaweza kuwa nazo, na wewe unaweza kuziuliza. Alama yenyewe utaikuta zaidi kwenye karatasi: rimu za stesheni, boksi za bidhaa, pakiti za maziwa na juisi. Ikiandikwa 100% maana yake malighafi yote imetoka kwenye misitu yenye cheti; Mix ni mchanganyiko uliodhibitiwa; Recycled ni iliyorejelewa. Chini yake kuna namba ya leseni inayoanza na FSC-C, na hiyo unaweza kuihakiki mtandaoni.

Na alama si sakramenti. Cheti kinaweza kughushiwa, na mkaguzi naye ni binadamu. Kuna wanaolalamika kwamba gharama zake zinawabana wadogo, na wana hoja. Alama haitakupeleka mbinguni. Inachofanya ni kukusaidia kumwona mtu ambaye bei nafuu ilikuwa imemficha: mwanakamati wa Kikole anayezunguka msituni kwa miguu ili mti wa mjukuu wake usiibwe usiku. Yule ni jirani yako. Umbali wa kutoka Kilwa hadi Ubungo haumfanyi asiwe jirani.

Mwanzo 2:15 inatuambia mwanadamu aliwekwa bustanini ailime na kuitunza. Sisi wa mjini tunadhani agizo hilo ni la wakulima. Lakini bustani huwa inakuja mjini, imepasuliwa, imepakiwa kwenye lori, inapita Kimara usiku. Tunaitunza, au tunaiuza, pale tunapotoa pochi.

Namrudia sasa Yosefu. Injili haituelezi alinunua wapi mbao zake. Lakini inamwita mtu mwenye haki, na sidhani haki yake ilikuwa inabaki nje ya mlango wa karakana. Mtoto aliyekulia kwenye vumbi la randa ile ndiye aliyekuja kubebeshwa mti begani. Tunapomwabudu Ijumaa Kuu tunaubusu mti. Tusiubusu huo, halafu tukaidharau mingine yote aliyoiumba.

Jihoji wiki hii

1. Ni kitu gani nilinunua huku nikijua kabisa sitaki kuuliza kilikotoka?
2. Je, kuna mtu ninayepaswa kumrudishia, kwa tarakimu na si kwa maneno?
3. Katika kikundi changu, ni nani anayeuliza maswali magumu, na tunamtendeaje?

Utume wa wiki

Uliza swali moja tu, kwa adabu, kwa fundi, duka au stesheni: "Hii imetoka wapi?" Na kama kikundi chenu kinanunua mbao, mabenchi au rimu za karatasi za nyimbo, andikeni kwenye taarifa ya mapato na matumizi mlikonunua na karatasi mlizopewa. Someni mbele ya watu.

Tusali

Ee Mungu uliyeotesha msitu kabla hatujazaliwa, utusamehe faida tulizozipata gizani. Mtakatifu Yosefu, fundi mwenye haki, utufundishe kuuliza bila kiburi na kulipa bila kunung'unika. Uwabariki wanaolinda misitu ya Kilwa na kila kijiji, Wakristo kwa Waislamu, na yule babu aliyenitoa usingizini. Siku boriti itakapotoa ushahidi, Bwana, iwe na neno jema juu yetu. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.